Wikio

Nimekula kiapo kufasiri kweli yote,
nisiongeze neno, nisimeze neno.
Mwaka wa kumi na tisa huu, Mahakama ya Lamu,
nasimama kati ya kizimba na meza ya hakimu,
maneno ya watu yakipita kinywani mwangu
kama wageni wa dakani: wakaa kidogo,
ndani hawaingii.

Leo ni kesi ya ardhi, nambari thelathini na moja.
Mdai ni Mwanashee binti Kupi, wa Mkomani.
Mdaiwa ni kampuni yenye nyumba ya wageni.
Wakili wa kampuni, shati limemganda mgongoni,
asoma hati ya mauzo:
"Nyumba, kiwanja, na viambatisho vyake vyote."
Mwanashee aniinamia. "Viambatisho ni nini, mwanangu?"
Ni kilichoshikamana na nyumba, bibi,
hata ukikitoa, nyumba hubaki na kidonda.
Mlango. Boriti. Zidaka za chokaa.
"Na chango cha taa?"
Na chango.
"Basi na mimi ni kiambatisho. Nimezawa mle."

Hakimu, kijana mpole wa bara,
aandika, aandika, kisha ainua kalamu.
"Wikio ni kitu gani?"

Hapo nilishikwa.
Nikasema daraja; akatafuta maji chini yake.
Nikasema chumba; wakili akadakia,
kimesimama katika kiwanja cha nani?
Nikasema: ni chumba kilichokaa juu ya njia,
bega moja limeegemea ukuta wa huyu,
bega la pili ukuta wa yule,
na chini punda hupita na magunia ya saruji.

"Njia ni ya umma," akasema wakili.
Kweli. Na hewa ya njia?
Ramani ya mpima ilikunjuliwa mezani.
Ilikuwa na mistari, nambari, muhuri wa buluu,
lakini karatasi haina ghorofa.

Ndipo Mwanashee akasema, nami nikafuata nyuma yake:
"Dada yangu aliolewa ng'ambo ya ndia. Hatua saba.
Mama alikuwa mgonjwa wa miguu.
Baba akapitisha boriti za mkoko, akasakifu,
mtu na mwanawe waonane usiku bila kuvaa buibui.
Hakuwa na hatimiliki. Alikuwa na binti wawili."
Nilipofika kwenye binti wawili sauti ilinikwama.
Nikakohoa, nikalitoa. Nimekula kiapo.

Mpwa wake Skanda ndiye aliyeuza.
Wanunuzi wakaziba mlango wa Mwanashee kwa matofali,
na mle wikioni, alimokuwa akilala mamake,
wameweka bafu la wageni, vigae vyeupe.
"Mpwa wangu auze nyumba, ni yake.
Hatua za nyanyake aliziuza kwa pishi gani?"
Wakili akapinga: hilo si ushahidi, ni maoni.
Likafutwa. Nami nilikwisha lifasiri.

Saa sita na robo hakimu akatoa amri.
Zuio la muda. Pasijengwe, pasibomolewe,
hali ibaki kama ilivyo
hadi kesi itakapotajwa, mwezi ujao tarehe tisa.
(Kutajwa ni kesi kuitwa jina,
ikaitika, ikarudi kulala.)

Mwanashee hakushuka kizimbani.
"Muulize. Ibaki kama ilivyo lini?
Ilivyo yeo, au ilivyo mama alipokuwa hai?"

Nikamuuliza.
Hakimu alinitazama mimi, si yeye,
akafunika kalamu, akaita kesi ya thelathini na mbili.

Nina daftari langu la maneno ya kazi, la jalada gumu.
Zuio limechukua mistari miwili.
Hatimiliki, mitano, na nyingine nimeifuta.
Jana usiku nikafungua kwenye W,
nikaandika: Wikio, tazama Dada.
Nikarudi nyuma hadi D.
Kuna Dai, kuna Dhamana.
Dada sijamwandika.